Asubuhi Kumi na Moja

Nilibonyeza Futa.
Ikafifia, ikapotea, nikamalizia chai yangu.
Kesho yake saa mbili na robo, sijafuta hata vumbi la meza,
ipo palepale juu, herufi nene nyeusi,
kama mdai aliyelala mlangoni:
*Asali yenu imepimwa. Ina maji. Tunairudisha.*

Hii ni ofisi ya chama cha warina asali, Arua,
chumba kimoja nyuma ya duka la baiskeli.
Ndoo mia moja na arobaini zilizorudi kutoka Kampala
zimepangwa mpaka zimeziba dirisha.
Sikuhitaji kukumbushwa.

Nikafuta tena. Ikarudi.
Nikafuta kwa kipanya, nikafuta kwa kitufe,
nikafuta nimegeuza uso, kama mtu anayechinja kuku mara ya kwanza.
Kikaibuka kisanduku cha kijivu: *Imeshindikana kufuta ujumbe huu.*
Kwa nini, hakikusema.
Nimewahi kupanga foleni kwenye ofisi za namna hiyo.

Nikampigia Onzima, fundi wa Mvara.
Jina lake lina "zima" ndani yake
na dawa yake ya kwanza siku zote ndiyo hiyo:
"Zima, Candiru. Halafu washa."
Nikazima. Umeme nao ukazimika, kwa kuniunga mkono,
hadi saa kumi jioni.

Siku ya tano: "Isimamishe kinga ya virusi, ujaribu."
Siku ya saba: "Faharasa imeharibika, ijenge upya."
Nikaijenga. Nilingoja nusu saa, feni ya kompyuta ikipiga kelele
kama mzinga uliopigwa teke.
Asubuhi zilikuwa mbili.
Barua ileile, na pacha wake.

Siku ya kumi akaja mwenyewe, kofia ya pikipiki bado kichwani,
akakalia ndoo.
"Jaa umewahi kulimwaga?"
"Jaa gani?"
Akalifungua kasha la Zilizofutwa, sikuwahi kuligusa:
elfu kumi na tisa na ushei.
Semina za mwaka juzi. Ankara za vifuniko.
Mwaliko wa harusi ya watu waliokwisha kuachana.
Picha tisa za nyuki, sijui zilitoka kwa nani.
Kila nilichodhani nimekiua
kilikuwa kimekaa humo, kinapumua.

"Kufuta si kufuta," akasema. "Ni kuhamisha.
Unatoa hapa, unapeleka kule.
Kule kukijaa, mzigo unarudi kwa mwenyewe."

Sote wawili tukaziangalia ndoo.

Akamwaga jaa. Akayakaza makasha, mapengo yakabanwa,
mstari wa kijani ukatambaa polepole kama konokono wa masika.
Akaniwekea kidole changu cha kushoto kwenye Shift.
"Hii haipiti jaani. Hii haina njia ya kurudi. Umenielewa?"
Nimekuelewa.
Asubuhi ya kumi na moja nikashikilia, nikabonyeza.
Moja. Pacha.
Nilikula enyasa mchana ule kama mtu aliyetoka hospitali.

Alhamisi akaingia Ayikoru kutoka Terego,
miguu ina vumbi hadi magotini, kitambaa kina harufu ya moshi.
Ndoo thelathini na mbili kati ya zile ni zake.
"Nasikia wanunuzi waliandika. Nisomee."

Nikaitazama skrini. Nyeupe.
Nikafungua kinywa niseme haipo,
kikatoa kitu kingine:

"Maji asilimia ishirini na tatu, mwisho wetu ni ishirini.
Msivune masega mabichi; vuneni yale
ambayo nyuki wamekwisha kuyafunika kwa nta.
Chujeni, fungeni siku hiyohiyo.
Leteni sampuli mpya kabla ya mwezi wa tatu."
Na jina, na cheo, na namba ya simu,
mpaka ile nukta waliyoisahau mwishoni.

Ayikoru alikuwa anahesabu kwa vidole.
Hakuuliza kwa nini macho yangu hayakusogea.
"Rudia hapo pa nta," akasema.

Nikarudia.