Kamusi ya Bamvua

Bi Mize hasikii. Surua ilimziba masikio
kabla hajaweza kuhesabu hadi kumi.
Kwa hiyo kumsikilizia paka ilikuwa kazi yangu,
mimi Shaame wa nyumba ya pili, Utaani, Wete,
ujira wangu kipande cha mkate wa kumimina.

Paka tulimwita Bamvua
maana hupotea, kisha hurudi kajaa tele,
tumbo zima wana.

Nikamfasiria Bi Mize kwa vidole na midomo.
Nyau, fupi: nimekuona.
Nyaaau, yenye mkia: sahani tupu, na wewe umekaa.
Mrr, mdomo umefungwa, hiyo ya wanawe peke yao,
maana yake njooni, au tulieni, sikuwahi kujua.
Wao walijua.
Akimwona kunguru juu ya bati
meno yakimgongana, ke-ke-ke,
kama mdai anayepiga hesabu
ya deni analojua halilipiki.
Na usiku, mashume wawili paani,
kile kilio cha mtoto aliyetupwa
kikauamsha mtaa mzima, kikamwacha Bi Mize kalala,
asubuhi anatuuliza
mbona leo nyote mna macho mekundu.

Jambo moja niligundua, nikamwambia kwa fahari:
paka kwa paka, wakishakua, hawaambiani nyau.
Nyau wameitunga kwa ajili yetu,
sisi viziwi wao.
Bi Mize akacheka mpaka kanga ikamdondoka.

Mkoromo hakutaka nimsomee.
Aliweka kiganja ubavuni mwa paka
kama apimaye joto la uji, akafumba macho.

Mwaka ule karafuu zilizaa kupita kiasi,
majamvi yametandazwa hadi ukingoni mwa lami,
Honda ikamkwepa mtoto, isimkwepe Bamvua.
Nilimbeba, vikonyo vimemganda manyoyani.
Nikamlaza, akageuka mwenyewe, tumbo juu,
na sisi tumekua tukiambiwa
paka hakubali kulala chali.
Akakoroma. Kwa nguvu, kama siku za maziwa.
Nikamwashiria Bi Mize: ana raha, anapona.

Akaweka kiganja.
Akakiondoa, akakirudisha.
Akanishika mkono wangu, akauweka palepale,
akaukandamiza.
Chini ya mkoromo palikuwa na kitu kingine,
kama mashine ya unga ikizunguka bila nafaka.

Kisha akagusa kifua chake.
Vidole vyake vikachora gati la Mkoani,
mwanawe Faki akishushwa melini kafunikwa,
na yeye amesimama akivuma, mm, mm,
mdomo umefungwa.
Aliisoma midomo ya wanawake:
Alhamdulillahi, Mize kapewa subira.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja.
Sikuwa na ishara ya kumjibu.

Kabla ya laasiri mkoromo ulikatika.
Nilisikia; lakini kiganja chake
kilikuwa kimeshanitangulia.
Akamfunika kwa kipande cha kanga,
akabaki akichambua vikonyo vya karafuu
kutoka kwenye mikunjo ya nguo yangu, kimoja kimoja,
akivipanga sakafuni kama vya kuuzwa.

Mvunguni mwa kitanda
vitoto vyake vitatu, macho hayajafumbuka,
vikaanza.
Sijui alionaje. Labda usoni mwangu.
Akanigeukia, akainua nyusi:

wanasemaje?