Neno la Tatu

Bibi yangu Naigaga hakujua Kigujarati
ila maneno matatu: la maji, la moto,
na la tatu, kaale, ambalo kwao ni jana
na hilohilo ni kesho.
Kwa hayo alifagia hekalu miaka kumi na mmoja,
Jinja, ukingoni, pale Naili inapoliacha ziwa
bila kuaga.

Mama Khodiyar alikaa ndani, wa marumaru,
shali nyekundu, macho ya fedha,
amempanda mamba.
Sisi watoto wa Walukuba tulicheka:
mamba tunayemkimbia, yeye kamfanya baiskeli!
Bibi hakucheka.
"Huyo anamjua mla watu," alisema,
"na bado amekaa wima."

Mwaka wa siku tisini
Jamnaben alikuja usiku, hana hata bangili,
akamtia bibi ufunguo kiganjani,
akamkunja vidole kimoja kimoja.
Akasema neno la tatu.
Asubuhi nyumba yao ilikuwa na redio ya mtu mwingine.

Askari wakaleta saruji, magunia kwa magunia,
hata Mama akazama kifuani.
Bibi alipanda juu ya magunia na taa.
Samli ilipokwisha, aliwasha kwa ufuta.
Ufuta ulipokwisha, alikaa gizani
akampa habari kwa Kisoga:
chumvi imefika bei gani,
nani kachukuliwa na gari lisilo na namba,
na mtoni leo wamepita wangapi,
wa kiume, wa kike, yule mwenye sare ya shule.
Sala hakuijua. Alihesabu.

Mvua ikapenya bati. Saruji ikashika.
Miaka ishirini na moja baadaye
mimi ndiye niliyeitwa na patasi,
mwashi, fundi wa kulipwa kwa siku.
Nilimfungua Mama hadi miguuni.
Mamba nilimshindwa;
mpaka leo amevaa jiwe kiunoni,
na kasisi mpya humpaka kumkumu hapohapo
kama vile alizaliwa hivyo.

Hetal, mjukuu wa Jamnaben, alitoka Leicester
na viatu vyeupe. Alivivua mlangoni.
Akamuuliza bibi kupitia kwangu:
nyanya yangu alisema nini usiku ule?

Bibi akalitamka, kwa ulimi wa Kisoga, kombo kidogo.
Hetal akanyamaza. Kisha:
"Ipi? Jana, au kesho?"

Bibi akatazama maji.
Akauliza ufagio uko wapi.