Karanga za Uani

Trekta la Wazungu wa karanga
bado limelala shambani kwa Kalunde, Urambo.
Kuku wanataga chini ya usukani.

Walipanda karanga,
mwishowe wakapanda treni,
wakatuachia chuma na udongo mgumu kama sakafu.

Mumewe hakugusa chuma.
Alibandua gome la mtundu, akashona mzinga,
akautundika porini, akangoja nyuki misimu miwili.
Kalunde ndiye aliyekata bamba la ubavuni,
akaligonga hadi likawa kikaango.

Sasa ni tumbaku.
Deni la mbolea linafika kabla ya mvua,
bei inapangwa na wasiojua moshi wa bani.

Usiku anakaanga karanga zake, kibaba kimoja, za uani.
"Kumbe zinaota," anasema,
anapuliza maganda
kuelekea kwenye trekta.