Nyeupe Pe

Somoe kaniletea besi ya marehemu babake,
imefungwa kanga, nyuzi nne zina kutu.
"Ipige nyeupe," kasema, "kama ilivyonunuliwa."
Mimi fundi rangi wa magari, Masasi, njia ya Newala.
Nyeupe ninayo: ya ambulansi, ya pikapu za misheni.

Ila hii si nyeupe. Njano nayo siyo.
Ni utando juu ya maziwa yaliyolala,
ni korosho iliyokaangwa nusu, ikasahauliwa,
ni jino la mvuta sigara.
Pale mkono wa Chilumba ulipoegemea
rangi imekwisha kabisa, ubao unachungulia.

Nikafungua skrubu kumi za kibao cha kifuani.
Chini yake, nyeupe!
Nyeupe pe, haijaonja moshi wa ukumbi,
wala jasho la msimu wa korosho watu wakiwa na hela,
wala Jumamosi hata moja.

Somoe akainama, akatazama.
Gari la mkaa likapita, vumbi likatulia.
"Huyo," akasema, "mimi simjui."

Nikarudisha skrubu. Tisa; moja sikuiona tena.
Nikachukua elfu mbili, ya kusugua nyuzi,
na kopo la nyeupe nikalifunga kwa nyundo.