Mizani ya Pongwe

Saa nane za usiku mzani umelala,
chuma chake kimetandikwa juu ya lami
kama kitanda cha mtu asiye na mgeni.
Mimi, Sempombe Mhina, ndiye karani wake:
kibanda, stuli, feni inayokohoa,
baiskeli ukutani, muhuri, daftari mbili.
Moja ya kampuni. Moja yangu.

Ndani ya simu yuko mtu. Amejiita Theluji Sabini.
Tuko wawili tu mezani, hakuna wa tatu wa kumlaumu.
Dau la gizani halisubiri hamu yako,
kila mkono linamega; anayengoja ree mbili
ataisha kabla hazijafika.
Basi unaingia na bibi na sita,
na mzungu wa nne aliyeandamana na takataka,
unaingia, na uso wako hauonwi na mtu.

Usiku wa kumi na moja nikamjua.
Akiwa na kitu hunyamaza, sekunde nne, tano,
kama anayehesabu chenji gizani.
Akiwa hana, dau linaruka papo hapo.
Nikamla taratibu, mchwa na mlango.

Kisha naye akanijua.
Kila nilipochelewa, alilaza karata.
Siku tatu sikuelewa. Kumbe ni malori!
Lori la saruji likipanda, naiacha simu,
naandika namba, tani, dereva, nagonga muhuri,
na huko aliko yeye anasoma:
huyu anawaza, huyu ana mzigo.
Mzigo kweli ulikuwepo. Tani thelathini na moja.
Haukuwa wangu.

Nikaanza kuleta malori yasiyokuwepo.
Nina saba na mbili, nanyamaza,
nahesabu magurudumu hewani, kumi na manane,
ishirini na mawili, nasukuma dau.
Akalaza. Kesho yake akalaza tena.
Mara ya tatu aliita, akazikuta
tano na tatu zangu zimekaa uchi
mbele ya jozi yake ya sita.
Sikuumia. Changa la macho lililofumwa
nalo ni mbegu.

Saa kumi kasorobo likaja lori la kweli,
la Shekalage, taa moja, breki zinalia.
Mkononi ree mbili.
Mezani tisa ya uru, nne ya pau,
mbili ya kopa, saba ya kopa.
Nikapima lori bila haraka. Nikaweka dau.
Safari hii hakuliogopa lori: akamwaga zote,
nami nikaita kabla wino wa muhuri haujakauka.
Ghulamu wawili. Hapo hasa
ndipo nilipokuwa nikimvuta wiki nzima.
Zimebaki karata arobaini na nne.
Arobaini na mbili zangu. Mbili zake.

Ghulamu wa uru.

“Karani, risiti!” Shekalage anagonga kioo.
Nampa. Mkono wangu hautetemeki; tumbo ndilo.
Waja leo waondoka leo, twajisifia hapa Tanga;
elfu themanini na nne hata viatu hazikuvua.

Kazini nalijua hili: lori moja likizidi
hukimbilii kusema kiwanda kinaibiwa,
unangoja malori elfu ndipo mzani useme.
Lakini tumbo hupima lori mojamoja.

Nikafungua daftari yangu.
Nimecheza sawa. Nimepoteza.
Nikarudi nyuma kurasa mbili, Jumanne,
palipoandikwa Nimeshinda, basi,
usiku ule bibi wa pau aliponiokoa mwisho kabisa
na yeye ndiye aliyekuwa amecheza sawa.
Pembeni nikaongeza, kwa herufi ndogo: kwa bahati.
Mwatumu akiisoma atacheka. Au hatacheka.

Zimebaki elfu sita. Nimekaa tena.
Karata zimegawiwa, zamu ni yake,
kiduara kinazunguka, sekunde nne, tano, tisa.
Sijui ana kitu,
au na huko kwake
kuna lori limepanda.