Ukurasa wa Themanini na Nane

Kitabu kilikuja na treni ya Jumatano,
boksi moja na kompyuta mbili na printa isiyo na waya.
Mwongozo wa Mtumiaji, Toleo la Tatu.
La kwanza sikuliona, wala la pili.
Kama hili ndilo lililosahihishwa,
Mungu awarehemu waliosoma yale.

Mimi ni karani wa ghala, bandari ya Kigoma.
Nahesabu: saruji ya Bujumbura,
chumvi ya Uvinza, sabuni,
marobota ya vitenge ya kwenda Kalemie.
Miaka kumi na minne kwenye daftari jeusi
na gunia halikunipotea ila moja,
na hilo namjua aliyekwenda nalo.

Ukurasa wa kumi na mbili: "Bonyeza Hifadhi."
Kwenye kioo hakuna Hifadhi, kuna Tunza.
Ukurasa wa kumi na tisa panaitwa Weka,
wa ishirini na mbili ni Hifadhi tena,
kama mume wa wake watatu anayechanganya majina
na kila mmoja amenuna, haitiki.

"Kwa maelezo zaidi tazama sura ya tisa."
Nikaenda ya tisa.
"Kama ilivyoelezwa katika sura ya nne."
Nikarudi ya nne. Ikanituma ya tisa.
Nimewahi kuzungushwa hivi na ofisi nyingi,
lakini kule angalau kuna benchi.

Kisha thelathini na moja.
"Pakua orodha kabla meli haijang'oa nanga."
Nikapakua.
Orodha ya juzi ikashuka, ikaifunika ya leo:
magunia mia sita na arobaini, kazi ya tangu alfajiri,
yakatoweka pasipo kishindo,
na gunia la saruji likianguka kweli
hata wa Mwanga husikia.
Meli ikapiga honi. Nahodha anataka karatasi.

Walikusudia *pakia*.
Herufi moja tu. U na i
kwenye kibodi ni majirani wa ukuta mmoja.
Kidole kiliteleza mahali fulani penye feni
na mimi huku, jua la saa nane,
naanza upya: moja, mbili, tatu.

Sebabili mchukuzi akauliza kulikoni.
Nilipomweleza alicheka
hadi vumbi la saruji likamdondoka kwenye nyusi.
"Hao hawajawahi kubeba," akasema.
"Aliyebeba hachanganyi.
Ukipakia, shingo inajua.
Ukipakua, goti ndilo linajua."

Usiku ule nilikisoma chote.
Themanini na nane: *Jinsi ya Kurejesha Orodha Iliyopotea.*
Hapo hapo nikakaa kitako.
Hatua ya kwanza, hatua ya pili, halafu
kwa wino ule ule, ndani ya mabano:

[Mwanvua, hapa mbona pamekatika?
Muulize fundi kabla hatujachapa.]

Chini yake, peupe.
Nusu ukurasa, peupe kama unga wa muhogo.

Kurasa mia mbili na sita,
na huo ndio mstari pekee
mtu alioandika akimwambia mtu.
Nimeurudia mara nyingi kuliko nilivyohitaji.
Mwanvua alikuwa likizo? Mtoto aliugua?
Au aliuliza, fundi akamjibu
"tutaweka toleo lijalo," simu ikakatwa?
Simlaumu sana.
Namlaumu kidogo.

Nimechonga penseli.
Thelathini na moja nimeikata ile u.
Kumi na mbili nimeandika: *soma Tunza.*
Sura ya tisa nimeibana na ya nne kwa pini,
zizungumze zenyewe zimalizane.
Na pale peupe, kwa ajili ya karani ajaye,
nimejaza kwa mwandiko wa kusomeka:

*Mwanvua, fundi hakupatikana.
Hatua ya tatu: usibonyeze kitu.
Daftari jeusi liko droo ya chini.
Droo inakwama. Inyanyue kwanza, ndipo uvute.*