Siku Kumi na Nne

Barua ilifika Jumatatu, mvua ikipiga bati
la ofisi yetu ya ushirika, Kyarumba,
nami nahesabu magunia kwa kidole.
Wakili wa Kampala, jina refu, lugha ya kukaza kamba:
picha imetumiwa bila idhini, bila malipo,
milioni mbili na laki nne,
siku kumi na nne.

Nilidhani ni matapeli. Wapo wa kutosha;
juzi mmoja aliniambia nimeshinda trekta.
Lakini picha niliijua.
Viganja viwili vimejaa kahawa mbivu,
tone la maji limening'inia kwenye kucha,
nuru inachujika kati ya vidole kama chai.
Niliipata usiku mmoja, bando likikaribia kuisha.
Nikaivuta, nikaikata pembeni
palipoandikwa jina kwa herufi ndogo za kijivu,
nikaipandisha juu kabisa ya tovuti yetu
ili mnunuzi wa mbali atuone watu.
Cha kuokota si cha kuiba, nilijiambia.
Ndivyo tulivyosema utotoni, mifuko imejaa mapera ya jirani.

Usiku huo nikaifuta.
Likabaki pengo jeupe,
na chini yake, peke yake, neno KARIBU.
Nguo ya kuazima haisitiri matako.

Jina nililolikata, nililitafuta tena.
Thembo Kahongya. Studio yake Kasese mjini,
juu ya duka la dawa za mifugo,
ngazi ya mbao inayolia kila hatua.
Nilitarajia mzungu, nakiri.
Nikamkuta kijana mwenye kikohozi
anakata picha za pasipoti, nne nne.

"Hoteli tatu," akasema bila kuinua macho,
"benki moja, mtu wa kalenda, na nyinyi.
Wengine kimya. Wewe umepanda ngazi."
Kisha: "Nilikwea Bwesumbu kwa miguu, nikalala darasani,
nikangoja jua asubuhi ya pili. Dakika sita tu.
Halafu mtu analikata jina langu kama anakata kucha."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na shangazi.
Ithungu alishuka mjini kupimwa macho;
alikuwa ameegemea mlango, anaukodolea ukuta,
ile picha, kubwa, ndani ya fremu.
"Mikono yangu hiyo."
Akainua mkono: kovu la panga chini ya kidole cha shahada.
Miezi minane niliitazama kila asubuhi,
mikono iliyonilisha uji,
nisiitambue.
"Wewe ndiye uliyeniomba nisitikisike," akamwambia.
"Ukasema asante. Ukaenda."

Mkasi ukasimama.
Kule chini mtu alibishania bei ya dawa ya kupe.
Thembo akainuka, akaosha vikombe viwili
ambavyo vilikuwa safi.

Sheria inasemaje juu ya mikono, sijui.
Wakili alipopigiwa simu, naye akaomba muda.
Tukaandika yetu kwa kalamu, karatasi ya mistari:
laki sita kwa awamu, baada ya mavuno;
jina lirudi pale nilipolikata;
na shangazi (hapa ubishi ulikula saa nzima)
apate theluthi, na nakala ya kutundika.

Alitaka isomwe mara mbili, kwa Kikonzo.
Akachovya dole gumba kwenye wino wa zambarau, akabonyeza,
akaliinamia lile doa na vijistari vyake,
akacheka:
"Hii nimeipiga mwenyewe."